Chumvi ya Kuomba

Bibi akifika zahanati akasema mwili wote unauma, kichwa kinagonga na usingizi hauji, mara nyingi ataondoka na Panadol. Kumbe pengine kinachomsumbua ni sonona. Wazee wengi hawamwelezi mganga huzuni yao; humweleza mgongo na tumbo.

Kagera huzuni hiyo ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na uchunguzi wa 1987 Bukoba mjini ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi. Waliozikwa ndio waliotarajiwa kuwatunza wazazi uzeeni. Wahaya huzika kibanjani, yaani katika shamba la migomba la nyumbani, hivyo bibi anayekwenda kukata ndizi hupita kando ya makaburi ya wanawe, kisha hurudi kuwapikia wajukuu. Msiba wa namna hiyo hauishi kwa kuanua matanga.

Hata hivyo, nikiulizwa nini humvunja moyo zaidi mzee wa Muleba, mojawapo ya wilaya za Kagera, sitaanza na msiba. Nitaanza na kuomba. Leo chumvi kwa jirani, keshokutwa kipande cha sabuni, hadi mtu anaona aibu na kukata mguu. Akikosa mchango wa kuzikana, hata matangani haendi. Upweke huanzia hapo, katikati ya kijiji chenye watu tele.

Shirika la Kwa Wazee, lililoanza Nshamba, Muleba, mwaka 2003, lilichukua njia rahisi: pensheni ndogo ya kila mwezi kwa wazee maskini, wengi wao bibi wanaolea yatima, pamoja na nyongeza kwa kila mtoto. Tathmini ya 2008 iliwalinganisha waliopokea na wale ambao walikuwa hawajapokea. Waliopokea walikula vizuri zaidi, na wasiwasi wao ulikuwa mdogo. Ripoti ilibeba jina la mahitaji yenyewe: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Pensheni yenyewe ilikuwa kama shilingi 6,000 tu kwa mwezi! Kwa maoni yangu, dawa haikuwa wingi wa fedha bali uhakika wake. Mwenye pensheni anakopesheka dukani, na jirani hamkimbii.

Yapo ambayo fedha hiyo haiyagusi. Bibi hujiuliza: nikifa, huyu mtoto atabaki na nani? Na mjane ana hofu ya kunyang'anywa kibanja cha ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Holaria Pastory, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanamume. Ila vikao vya ukoo havisomi hukumu.

Kuhusu pensheni, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alilima maisha yake yote. Bara tunao mfuko wa serikali wa TASAF, ambao hutazama umaskini wa kaya, si umri. Bibi aliyeachwa nje ya orodha hurudi kwa jirani.