Mfupa Utulie, Kiungo Kisilale: Safari ya Taasisi ya AO

Katikati ya karne iliyopita, mgonjwa aliyevunjika mfupa wa paja huko Uswisi, kama kwingineko duniani, alilazwa kitandani kwa wiki nyingi, mguu wake ukivutwa kwa uzito ulioning'inizwa au ukiwa umefungwa plasta ngumu. Mara nyingi mfupa uliunga. Lakini plasta ilipofunguliwa, goti lilikuwa limekakamaa, misuli imenywea na mguu umevimba. Mfupa ulipona, ilhali mwenye mguu hakuweza kurudi kiwandani wala shambani.

Hali hiyo ndiyo iliyowakutanisha madaktari 13 wa upasuaji katika mji wa Biel, tarehe 6 Novemba 1958. Miongoni mwao walikuwamo Maurice Müller, Martin Allgöwer, Robert Schneider na Hans Willenegger. Waliunda kikundi cha kuchunguza uungaji wa mifupa kwa vyuma, kilichojulikana kwa kifupisho cha Kijerumani, AO. Müller alikuwa amejifunza kwa Robert Danis, daktari wa Brussels, kwamba vipande vya mfupa vikibanwa imara kwa bamba na skrubu, mgonjwa anaweza kuanza kukunja na kukunjua viungo vyake mapema baada ya upasuaji.

Wazo peke yake halikutosha. Upasuaji wa mifupa uliogopwa, kwani jeraha liliweza kuingia vijidudu na vyuma viliweza kulegea au kukatika. Kwa hiyo waasisi walijiwekea nguzo tatu. Ya kwanza ni utafiti: mwaka 1959 walifungua maabara Davos, mji wa milimani uliokuwa maarufu kwa hospitali za kifua kikuu. Ya pili ni kumbukumbu: kila mgonjwa aliandikiwa taarifa zake, akapigwa picha za eksirei na kufuatiliwa baada ya miezi kadhaa, awe amepona au la. Ya tatu ni mafunzo: mwaka 1960 kozi ya kwanza ilifanyika Davos, na madaktari wakajizoeza kwa mikono yao wenyewe kabla ya kumgusa mgonjwa. Baadaye wauguzi wa chumba cha upasuaji nao walipata kozi zao.

Fedha zilitoka wapi? Vifaa vilitengenezwa na mafundi stadi, wa kwanza wao akiwa Robert Mathys wa Bettlach. Malipo ya haki za ubunifu wa vifaa hivyo hayakuishia mifukoni mwa waasisi, bali yalielekezwa kwenye utafiti na mafunzo. Mwaka 1984 AO ikawa wakfu usiolenga faida.

Ukuaji huo haukukosa masahihisho. Hapo awali madaktari walijitahidi kurudisha kila kipande mahali pake na kukibana kabisa. Utafiti na kumbukumbu za wagonjwa zilionyesha kwamba nyama ikifunuliwa mno ili kukifikia kila kipande, mishipa ya damu inayolisha mfupa huumia, na mfupa ukikosa damu huchelewa kuunga. Tangu hapo kulinda mtiririko wa damu kumepewa uzito mkubwa zaidi. Taasisi iliweza kujikosoa kwa sababu haikuficha matokeo mabaya.

Leo AO Alliance, iliyochipuka kutoka katika wakfu huo, huendesha mafunzo katika nchi za Afrika, yakiwemo ya kutibu mivunjiko bila upasuaji. Hilo lina maana kubwa, kwani si kila mvunjiko unaohitaji chuma, na plasta iliyofungwa vizuri ingali tiba sahihi kwa wengi.

Kwa mhudumu wa afya, funzo la Biel halihitaji maabara ya gharama. Kuandika hali ya mgonjwa siku ya kwanza, kumpangia tarehe ya kurudi na kulinganisha matokeo kunawezekana hata katika kituo kidogo. Kwa mgonjwa, funzo ni kutokiacha kiungo kilale: asogeze vidole vya mkono au mguu uliofungwa, na afanye mazoezi kama alivyoelekezwa. Maumivu yakizidi, vidole vikifa ganzi, vikipoa au kubadilika rangi, arudi hospitali mara moja bila kungoja tarehe aliyopangiwa. Matibabu hukamilika pale mguu unapomrudisha mwenyewe kazini.