Machipukizi ya Mkulagembe ni Malisho

Mfugaji wa Mugumu au Nyamongo akifyeka mkulagembe, kichaka chenye miiba, mwezi wa Septemba, mvua za vuli humwonyesha jibu la kichaka: kisiki kilichokuwa na shina moja sasa kina mashina mengi, na mizizi nayo inachipua pembeni. Wengi hukata tamaa hapo. Nionavyo mimi, faida ya ile kazi ya panga ndiyo kwanza inaanza.

Vichaka hivi huzidi pale nyasi zinapoliwa kupita kiasi, kwa kuwa moto hukosa cha kuunguza na miche ya miiba husalimika. Hifadhi ya Serengeti iliyaona hayo. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takribani 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zikapungua, mioto ikapungua, miti ikarudi. Kwenye malisho ya vijiji, ng'ombe wetu ndio wanaozimaliza nyasi, kisha hula maganda yaliyokomaa na kupanda mbegu kwa samadi yao.

Sasa tuangalie tumbo la ng'ombe mwezi wa Agosti. Nyasi kavu mara nyingi zina protini chini ya asilimia 5, ilhali vijidudu vinavyosaga nyuzinyuzi tumboni vinahitaji kama asilimia 7. Vikikosa protini vinadhoofika, na ng'ombe anakonda huku tumbo limejaa. Majani machanga ya mkulagembe na migunga mingi huwa na zaidi ya asilimia 12. Kwa hiyo kiasi kidogo tu cha majani hayo hulisha vijidudu, navyo huweza kuzisaga zile nyasi kavu ambazo zingepita bure.

Tatizo ni tanini, kemikali iliyomo kwenye majani hayo. Ikizidi hushika protini isimfae mnyama, na chakula kinakuwa kichungu. Ndiyo maana machipukizi hayafai kuwa mlo pekee: changanya na nyasi au mabua ya mahindi, anza na kidogo, ongeza taratibu. Mbuzi huvumilia tanini kuliko ng'ombe. Kata matawi yangali laini, membamba kuliko kidole, uyaanike kivulini; yakishakuwa magumu utahitaji mashine ya kusaga, kama wanavyofanya Namibia, na gharama ya mafuta ni kubwa kwa mfugaji mdogo. Baadhi ya migunga ina sumu ya sianidi, hivyo mti usioufahamu mwulize kwanza ofisa mifugo.

Kila mara machipukizi yanapokatwa au kuliwa, mizizi hutumia akiba yake, kichaka hubaki kifupi na nyasi hupata jua. Miti mikubwa iachwe kwa kivuli, na panga lisivuke mipaka ya mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Kabla ya kufyeka, kijiji kikubaliane mbuzi wa nani wataingia na lini, kwa sababu eneo likiachwa misimu michache bila kuliwa, litasongwa na vichaka kuliko awali.