GARI LIKILIA BAADA YA KUTOKA GEREJI

Ndugu mkulima, na wewe dereva unayesafirisha mazao, leo tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye pikapu na malori madogo.

Tuseme gari lako limeingia gereji pale Sinza, kando ya Barabara ya Shekilango, likabadilishwa pedi za breki za mbele. Lilipoingia lilikuwa kimya. Limetoka, linakwaruza. Na kesho alfajiri linatakiwa Kiwangwa kuchukua mananasi ya kuleta soko la Mabibo. Je, uondoke hivyo hivyo?

Hasha! Mfugaji akiona ng'ombe hali, huuliza kwanza: jana alilishwa nini? Nawe uliza hivyo hivyo: fundi amegusa nini? Sauti iliyoanza baada ya matengenezo ianze kutafutwa mahali palipofunguliwa. Usikubali kuuziwa shokapu mpya kabla gurudumu lililofunguliwa halijatazamwa tena.

Hatua ya pili ni kusikiliza. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970, na mitaa yake ya ndani ina kuta za nyumba karibu na njia. Endesha polepole kando ya ukuta, vioo vikiwa chini na redio imezimwa. Ukuta utakurudishia sauti, nawe utajua inatoka upande gani. Kisha uangalie sauti inafuata nini:

Gari likiwa limesimama, bila gia, kanyaga mafuta kidogo. Sauti ikipanda pamoja na injini, usihangaike na magurudumu. Tazama mkanda wa feni, au bati la ekzosi lililolegea.

Sauti ikienda na mwendo wa gari, iwe upo gia ya pili au ya tatu, tatizo liko kwenye magurudumu au shafti.

Ikiwa ni mvumo unaozidi unapokata kona pana ya kulia, shuku beringi ya kushoto, maana uzito wa gari umeegemea huko. Kona ya kushoto, shuku ya kulia.

Ikiwa inagonga kwenye mashimo tu, tazama bushi, boljointi na shokapu.

Sasa turudi kwenye pedi zetu mpya. Nyuma ya disiki kuna bati jembamba la kuzuia vumbi. Likipindwa kidogo wakati wa kazi, au kijiwe kikinasa hapo, hukwaruza muda wote, ukanyage breki usikanyage. Fundi hulinyoosha kwa bisibisi, na kazi imekwisha. Lakini kama kinachosikika ni mgongano mdogo, nao hunyamaza ukigusa breki, huenda pedi inacheza kwa sababu vishikizo vyake havikurudishwa. Kwa hiyo omba upewe vipuri vya zamani, uvihesabu.

Pedi mpya huweza kupiga mluzi kidogo siku za mwanzo. Huo si ugonjwa. Bali chuma kusaga chuma si jambo la kungojea siku mbili. Na mtu asikudanganye kupaka pedi mafuta ili zinyamaze. Zitanyamaza, naam, lakini gari halitasimama.

Ndugu mkulima, ipo sauti moja ambayo haina mjadala. Ukisikia ko-ko-ko inayoongezeka kasi kadiri gari linavyokwenda, na usukani unatetemeka, weka gari pembeni palepale. Shika wili spana ujaribu nati za magurudumu yaliyofunguliwa. Huenda hazikukazwa sawasawa, au rimu haikukaa vizuri kwa sababu ya kutu na uchafu uliobaki kwenye habu. Nati zikilegea, boliti hukatika moja baada ya nyingine, na gurudumu linachomoka. Hapo mananasi ni hasara ndogo. Wapo vijana waliokaa juu ya mzigo, na wapo watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule.

Nati hukazwa kwa kuvuka: ukikaza moja, nenda kwenye iliyo upande wa pili, siyo kuzunguka kwa mfululizo. Ukazaji wa mwisho hufanywa tairi likiwa limegusa ardhi. Halafu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa safari yetu ya Kiwangwa, ukifika Bagamoyo, simama kabla ya chai ukazijaribu. Ni kazi ya dakika tano.

Mwisho, ukirudi kwa fundi, usimwambie tu "gari linalia". Mwambie: "Linakwaruza gurudumu la mbele kushoto, mwendo wa pole, na nikikanyaga breki halinyamazi." Kisha muombe mpande nyote wawili muende mzunguko mmoja, asikie mwenyewe. Hapo hutakuwa unamlaumu, utakuwa unamsaidia kazi. Kumrudia fundi siku ileile si ugomvi, ni sehemu ya matengenezo.

Basi ndugu mkulima, kabla ya kupakia mzigo, zima redio, fungua vioo, ulisikilize gari lako. Safari njema.