Etiketi: usipoteze makala mu ordinateri yako

Bandugu, siku mbili mbele ya kuweka kazi yangu ya mwisho ku fakilte, nilitafuta makala moja juu ya mnyauko wa migomba masaa matano. Sikuipata. Promoteri akaniambia nitoe ile sehemu, sababu haikuwa na ushuhuda. Kisha kudepoze ndipo nikaiona: ilikuwa mu dosye "Masisi", mimi nilikuwa natafuta mu "Magonjwa".

Ndiyo shida ya dosye: makala inalala mu chumba kimoja tu. Etiketi ni kama karatasi unabandika ku mfuko wa mbegu. Mfuko ni mmoja, karatasi zinaweza kuwa tatu. Makala yangu ningeiwekea "ndizi", "bakteria" na "Masisi", na mlango wowote ungenifikisha.

Zotero, programu ya bure, inafanya vile. Ukichagua etiketi mbili pamoja, inakuonyesha tu makala zenye zote mbili. Etiketi 9 unaweza kuzipa rangi, na kuzibandika kwa kufinya namba 1 mpaka 9.

Lakini tuangalie: leo unaandika "muhogo", kesho "manioc", kesho kutwa "mihogo". Mashini inaona vitu tatu! Juu ya shida kama hiyo FAO iko na AGROVOC, orodha ya maneno ya kilimo yenye kuchagua jina moja la kila kitu mu kila luga. Wewe pia andika orodha yako fupi, na uifuate.

Anza leo na makala kumi. Usingoje siku ya kudepoze.