Sumu Iliyofichika Katika Matope ya Mikoko

Maji yanapokupwa katika mkono wa bahari wa Makupa, Mombasa, matope meusi ya mikoko hubaki wazi. Kwa miaka mingi jaa la Kibarani lilikuwa ukingoni hapo, hadi lilipofungwa mnamo 2018. Baadhi ya takataka huoza, lakini madini mazito kama risasi na kadimiamu hayaozi kamwe.

Je, kwa nini hukaa matopeni? Mizizi ya mikoko hupunguza mwendo wa maji, na chembe za udongo zilizobeba madini hutua chini. Ndani ya tope hewa ya oksijeni ni haba mno, na salfa iliyomo, ile inayonuka kama yai viza, huyafunga madini hayo. Hivyo mikoko hutukinga. Lakini tope likichimbuliwa, hewa huingia, kifungo hulegea na baadhi ya madini hurudi majini.

Chaza hula kwa kuchuja maji, naye kaa hujitafutia chakula topeni. Madini huweza kulimbikizana miilini mwao. Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini hakuondoi madini. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu huharibu figo.

Basi mzazi, usiokote chaza karibu na jaa au mfereji wa kiwanda. Mtoto aliyecheza topeni mnawishe kwa sabuni kabla ya kula. Betri kuukuu usizitupe ufuoni. Na mikoko iliyosimama, tuiache isimame.