Mhadhiri Anapokuwa Mjasiriamali

Mnamo mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo. Mishahara ya wahadhiri ilikuwa duni mno. Hivyo idara zilibuni kozi mpya, zikafundisha jioni, na sehemu ya karo ikabaki huko huko kulipia saa za ziada. Mhadhiri akawa pia mtafuta soko. Chuo kilipata uhai, hilo halina ubishi. Lakini madarasa yalifurika, na idara zikanyang'anyana kozi, jambo alilolichambua Mahmood Mamdani katika kitabu chake cha mwaka 2007.

Nawe mwanachuo, utakapoombwa kufundisha masomo ya ziada ya kulipia, jiulize kwanza: je, somo la asubuhi litabaki kamili, au litapunguzwa ili la jioni lipate wateja?