Uhamisho wa umiliki wa nyumba Handeni na Korogwe

Uhamisho wa umiliki wa nyumba ni mfululizo wa hatua za kisheria ambazo kwazo haki ya kumiliki ardhi, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake, hutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Makala hii inahusu hatua hizo na uchaguzi wa wakili wa kuzisimamia katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Sheria zinazotajwa hapa hutumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Watu wengi huamini kwamba nyumba imeshakuwa yao mara baada ya kulipa fedha na kupewa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti. Karatasi hiyo ni ushahidi wa makubaliano, lakini peke yake haihamishi umiliki. Kinachohamisha umiliki ni idhini ya mamlaka inayohusika na, kwa ardhi yenye hati, usajili wa jina jipya. Mamlaka hiyo ni ipi? Jibu linategemea aina ya ardhi.

## Aina za ardhi

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mtu hanunui ardhi yenyewe, bali hununua haki ya kuimiliki na kuitumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Zinagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi.

Viwanja vilivyopimwa mijini viko kwenye ardhi ya jumla. Mmiliki wake hupewa hatimiliki, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 33, 66 au 99. Kabla ya hati kutoka, mtu anaweza kuwa na barua ya toleo. Katika maeneo ya mijini yaliyojengwa bila kupimwa, mamlaka inaweza kutoa leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mwenye haki huko anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo za majaribio ya urasimishaji wa ardhi vijijini chini ya mpango wa serikali wa MKURABITA. Hata hivyo, kuwepo kwa mpango huo hakumaanishi kwamba kila shamba lina hati.

Wilaya hizi mbili zina halmashauri nne: Mji wa Handeni, Wilaya ya Handeni, Mji wa Korogwe na Wilaya ya Korogwe. Mnunuzi anapaswa kwanza kujua kiwanja kiko chini ya halmashauri ipi. Katika vituo vya biashara vinavyokua kando ya barabara kuu, kama Mkata, Kabuku, Segera na Mombo, mtu hawezi kujua aina ya ardhi kwa kutazama nyumba na maduka. Jibu hupatikana ofisi ya ardhi ya halmashauri. Vivyo hivyo, mtu anayenunua karibu na mashamba makubwa ya mkonge ya Korogwe anahitaji kuthibitisha kwamba kiwanja hakimo ndani ya mipaka ya hati ya shamba hilo.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Kuanzia Juni 2022 serikali ilihamishia huko kaya kutoka eneo la hifadhi ya Ngorongoro, ikazijengea nyumba na kuzipa mashamba. Baadhi ya wakazi waliokuwepo awali walilalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia imegawiwa wageni. Malalamiko ya namna hiyo ni magumu kutatua pale haki ya mtu inapotegemea kumbukumbu za majirani peke yake.

## Wakili na kazi yake

Katika mazungumzo ya kila siku maneno *mwanasheria* na *wakili* hutumiwa kama kitu kimoja, lakini yana tofauti. Mwanasheria ni mtu aliyesomea sheria. Wakili ni mwanasheria aliyeandikishwa katika orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu na mwenye cheti cha mwaka husika cha kufanya kazi hiyo. Chini ya Sheria ya Mawakili (Sura 341), asiye wakili haruhusiwi kuandaa hati za uhamisho wa ardhi kwa malipo, ingawa wapo watumishi wa umma ambao sheria inawaruhusu kuandaa hati katika kazi zao. Hati iliyoandaliwa inapaswa kuonyesha jina na anwani ya aliyeiandaa.

Dalali si wakili. Kazi yake ni kukutanisha muuzaji na mnunuzi, na hulipwa biashara ikikamilika. Kwa hiyo ana sababu ya kutaka ikamilike haraka. Wakili hulipwa ili kuchunguza, na wakati mwingine ushauri wake bora ni kwamba mteja asinunue.

Katika kuchagua wakili, mambo yafuatayo husaidia:

* Cheti. Jina la wakili na hali ya cheti chake huweza kuhakikiwa katika mfumo wa kielektroniki wa Mahakama ya Tanzania, au kwa kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954.
* Upande anaousimamia. Wakili anayewahudumia muuzaji na mnunuzi kwa pamoja hawezi kumtetea mmoja wao vizuri wakitofautiana. Ni salama zaidi mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, asiyeletwa na muuzaji wala dalali.
* Uzoefu wa ardhi. Aulizwe amewahi kuhamisha ardhi ya aina gani: yenye hatimiliki, au ya kijiji. Taratibu zake si sawa.
* Gharama. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inaweka viwango. Makubaliano yaandikwe, yakitenganisha malipo ya wakili na kodi na ada za serikali.
* Risiti. Kila malipo yapewe risiti. Ada za serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, si mkononi mwa ofisa.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kupata ushauri kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni ya bure. Malalamiko kuhusu mwenendo wa wakili hupelekwa Kamati ya Mawakili.

## Uchunguzi kabla ya malipo

Sehemu kubwa ya kinga ya mnunuzi iko hapa, kabla fedha hazijatoka.

Kwa nyumba yenye hatimiliki, wakili huomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Tangu mwaka 2020 kila mkoa wa Tanzania Bara una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo mambo ya Handeni na Korogwe hushughulikiwa Tanga. Awali wananchi wa mkoa huu walitegemea ofisi ya kanda iliyokuwa Moshi. Nakala ya hati aliyonayo muuzaji haitoshi, kwa kuwa hati inaweza kughushiwa.

Uchunguzi mwingine hufanyika kiwanjani. Mpima ardhi huonyesha kama mawe ya mipaka yanalingana na ramani, na majirani huulizwa juu ya mipaka na migogoro. Huangaliwa pia kama muuzaji anadaiwa kodi ya pango la ardhi.

Wakili anapaswa kuuliza maswali mawili kuhusu muuzaji mwenyewe. La kwanza ni la ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ridhaa hiyo huandikwa na kutiwa sahihi. Swali la pili ni la mirathi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa wala na kikao cha ukoo. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au na mtekelezaji wa wosia aliyethibitishwa.

## Hatua za uhamisho

### Ardhi yenye hatimiliki

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi. Baada ya mkataba, taarifa na maombi ya idhini ya uhamisho hupelekwa ofisi ya ardhi. Mthamini hukadiria thamani ya mali, kodi hulipwa, kisha hati ya uhamisho iliyosainiwa na kushuhudiwa hupelekwa kwa Msajili wa Hati. Umiliki hukamilika jina la mnunuzi linapoandikwa kwenye daftari.

Ni kawaida kulipa kwa awamu: sehemu wakati wa kusaini, na salio baada ya idhini kupatikana. Malipo kupitia benki huacha kumbukumbu.

### Ardhi ya kijiji

Hapa idhini hutoka kwa halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji peke yake si halmashauri, na muhuri wake hauchukui nafasi ya kikao. Mnunuzi anapaswa kupata nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mauzo. Katika uamuzi wa mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Mnunuzi wa namna hiyo anaweza kujenga nyumba nzima na bado akashindwa kesi.

Katika maeneo mengi ofisi za mitaa na vijiji hudai asilimia fulani ya bei kwa ajili ya kushuhudia. Mnunuzi ana haki ya kuuliza malipo hayo yanatokana na sheria ndogo ipi, na kudai risiti.

## Kodi

Ushuru wa stempu ni takribani asilimia 1 ya thamani. Kwa nyumba ya shilingi 30,000,000 ni karibu shilingi 300,000. Hati hupaswa kulipiwa ushuru huo ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi.

Muuzaji mkazi hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Aliyetumia shilingi 20,000,000 na kuuza kwa 30,000,000 ana faida ya 10,000,000. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka msamaha kwa mtu anayeuza makazi yake aliyoyamiliki kwa miaka 3 mfululizo au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo vithibitishwe wakati wa mauzo. Risiti za saruji, mabati na mafundi zitunzwe, maana ndizo zinazothibitisha gharama.

## Migogoro

Kesi za ardhi hufuata Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002. Baraza la ardhi la kijiji na baraza la kata husuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza na kuamua. Korogwe lipo baraza la ngazi hiyo. Rufaa huenda Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga, kisha Mahakama ya Rufani. Madai ya kurejeshewa ardhi hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza.

Baraza husoma nyaraka kwanza: mkataba, ridhaa ya mwenzi, muhtasari wa kijiji, majibu ya upekuzi, risiti. Mnunuzi anapaswa kuziweka zote pamoja, na nakala yake kuihifadhi mahali pengine nje ya nyumba hiyo.